Chupa Niliyoisuuza Mara Tatu

Mwanangu Monga,

Kosa wanalofanya watu wengi wakishika chupa ya manukato ya zamani ni kufungua kifuniko, kunusa mara moja, kukunja uso na kusema, "Imeoza." Hawajui kwamba wamenusa shingo ya chupa tu. Kinachokaa shingoni ni kile kilichokufa kwanza. Manukato yenyewe bado yako chini, yanasubiri mtu mwenye subira. Nalijua kosa hilo vizuri kwa sababu nililifanya mimi, na aliyelilipia ni wewe, pamoja na mtu mwingine nitakayemtaja baadaye.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Umesoma kilimo miaka mitano, umelala kwenye mashamba ya watu, unajua kujitunza kuliko ninavyojitunza mimi. Kesho asubuhi gari la mradi litakuja kukuchukua kwenda Sandoa, kwenye kazi yako ya kwanza. Sasa hivi ni saa kumi jioni. Umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya, nami nimekaa kwenye meza ya chakula nikiandika haraka kuliko nilivyozoea, maana nataka kumaliza kabla hujarudi. Nitaweka barua hii juu ya nguo zako ndani ya begi, pamoja na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa karatasi nyeupe. Utaisoma njiani. Kwa hiyo nikiandika "leo" huko mwishoni, ujue ni leo yako, siyo yangu.

Kwa miaka sita, tangu nilipostaafu, umeniona kila Jumamosi nikirudi kutoka sokoni na chupa kuukuu mfukoni. Umecheka sana. Nakumbuka siku uliyokuja likizo ukafungua kabati langu ukasema, "Tata, hii haiko kabati tena, ni musee!", yaani jumba la makumbusho. Ulidhani ni mchezo wa mzee asiyekuwa na kazi. Kwa sehemu ulikuwa mchezo kweli, na ngoja kwanza nikueleze sehemu hiyo, kwa sababu imenifurahisha mno na sijawahi kukueleza vizuri. Sehemu ya pili itafuata, nayo ni nzito.

Ilianza kwa Mama Vivi, yule mwenye meza ya mwisho kwenye soko la nguo za baloti, yaani mitumba. Unamjua, mnene, sauti yake inafika barabarani. Siku hiyo nilikuwa natafuta sweta. Kando ya sweta kulikuwa na beseni la plastiki limejaa chupa ndogo ndogo: nyingine zilitoka ndani ya mikoba ya kike iliyokuja kwenye baloti kutoka Ulaya, nyingine zilitoka kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa migodi, pale familia inapohama na kuuza kila kilichobaki kwenye makabati. Niliokota moja nikaigeuza kwenye mwanga, kama nilivyozoea kufanya kazini, kwenye maabara ya madini.

"Tata, ile ni ya bamama," akaniambia. "Ao unatafuta bibi mupya?"

"Natafuta kujua tu."

"Kujua nini? Malashi haina masomo. Unajipulizia, unaenda mu misa, basi."

Nilimuuliza kwa nini anauza kwa bei ya vipande viwili vya sabuni kitu ambacho zamani kilikuwa cha matajiri. Alipunguza sauti, jambo ambalo si kawaida yake.

"Batu banaogopa. Banasema chupa yenye ilishafunguliwa, ilitoka ku matanga."

Hilo unalijua, lakini huenda hujawahi kulifikiria. Kwetu, mtu akifa, wanawake wanaomwosha na kumvalisha humpulizia manukato, na chupa iliyobaki nusu hakuna anayetaka kuigusa tena. Hivyo kila chupa iliyofunguliwa inashukiwa. Ndiyo maana hapa Kolwezi mtu mwenye pensheni kama yangu anaweza kununua manukato yaliyotengenezwa kabla hujazaliwa, tena mazuri kuliko yale mapya yanayouzwa kwenye maduka yenye vioo. Watu wanaogopa chupa yenyewe. Mimi pia niliwahi kuiogopa, na nitafika huko.

Nilinunua ya kwanza siku ile ile, pamoja na sweta. Nyumbani nilikata vipande vya karatasi ya kuchujia, ile niliyobaki nayo kutoka maabara, nikadondosha tone moja, nikaandika saa kwenye daftari. Mwanzoni ilinuka rangi ya kucha. Nilitaka kucheka. Nikaiacha, nikanywa chai, nikamwagilia mboga, nikarudi. Rangi ya kucha ilikuwa imeondoka. Karatasi ilinuka kiti cha ngozi cha gari la zamani lililoachwa juani. Nikarudi tena jioni, na sasa ilikuwa kitu kingine kabisa: unyevu, magome ya miti, majani yaliyolala chini msimu mzima. Baadaye nilisoma kwamba hiyo ni kuvu ya kijivu inayoota kwenye magome ya miti huko Ulaya. Zamani waliitia kwenye kila kitu; siku hizi wanaitia kidogo sana kwa sababu inawasha ngozi za watu. Nikashangaa kama mtoto. Tone moja, karatasi moja, na ndani yake safari ya saa nane.

Kutoka siku hiyo nikawa mwanafunzi. Nilijifunza kwamba limau na machungwa ndiyo hufa kwanza, na ndiyo yanayogeuka kuwa ile harufu kali ya shingoni inayowafukuza watu. Nilijifunza kwamba rangi kuwa nyeusi siyo ugonjwa; vanila hufanya hivyo, na maua mengine meupe pia, kama chai inavyokolea ikikaa. Adui wa kweli ni dirisha. Chupa iliyokaa miaka thelathini kwenye giza la kabati ni nzima kuliko iliyokaa mwaka mmoja juani. Nyingine zilikuwa zimekufa kweli, sikufichi. Kuna moja ya maua ya mchungwa niliyoisubiri siku tatu, na mwisho wake ilikuwa maji matamu tu. Nyingine ni za uongo, zimejazwa spiriti na harufu ya sabuni. Hizo utazijua kwa sababu zinasema neno moja tangu mwanzo mpaka mwisho.

Na kuna ile niliyokunusisha wewe, ukakataa kwamba ni manukato. "Tata, hii ni shamba letu la mazoezi!" Ilikuwa mizizi ya vetiva, majani yale yale mnayopanda kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo. Ulikuwa umeyapanda mamia kwa mikono yako bila kujua kwamba mtu fulani mbali huko anayachimba kwa ajili ya mizizi yake. Kuna nyingine ilinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi na shati lililopigwa pasi. Nyingine ilikuwa na zabadi, ile inayotoka kwa fungo, yule mnyama mwenye madoa anayewasumbua kuku. Peke yake inanuka banda la mifugo, lakini ndani ya mawaridi inakuwa ngozi ya mtu aliye karibu nawe. Niliandika yote. Nilipokosa maneno nilitumia ya kwetu: kinywaji cha munkoyo cha siku ya pili, uyoga mkavu, jiwe la kijani la shaba likilowa mvua ya kwanza. Daftari limejaa, na utalipata siku moja.

Sasa sehemu ya pili.

Ulikuwa na miaka tisa mama yako Tereza alipofariki. Chupa yake ya manukato ilikuwa moja tu, na alikuwa anaitumia kwa kidole, tone nyuma ya sikio, Jumapili na siku za sherehe. Wewe ulikuwa unasimama kwenye kitanda ili ufikie sikio hilo. Baada ya mazishi ulikuwa unaniomba kila siku nikufungulie kabati uinuse, nami nilikuwa nakuambia kesho.

Wiki ya tatu, asubuhi moja kabla ya kwenda kazini, nililifungua kabati peke yangu, nikitafuta kadi yake ya ubatizo ambayo paroko aliihitaji. Chupa ilikuwa pale. Yalibaki manukato ya kama vidole viwili, meusi kama chai iliyochemka mno, na chini yake vumbi limetuama. Nilifungua nikanusa. Ilinipiga harufu ya siki na rangi ya kucha. Juu ya hiyo, nikakumbuka kwamba siku ya kumvalisha, wanawake walimpulizia manukato chumba kizima, na pua yangu ikaniambia kwamba hii ni harufu ya mochari. Nikasema moyoni: huyu siye Tereza, na mtoto asije akanusa hii akadhani mama yake alikuwa hivi.

Nilimwaga yote kwenye mfereji nyuma ya jiko. Halafu nikafanya kitu ambacho ni mtu wa kazi yangu tu angekifanya. Nilisuuza chupa mara tatu. Ndivyo tulivyofundishwa maabara: chombo hakiwi safi mpaka kisuuzwe mara tatu, ili sampuli ya zamani isichafue mpya. Nikaigeuza kichwa chini ikauke. Kioo kilikuwa kizuri, kinene. Nikaipeleka kazini nikaweka ndani yake dawa ya kupimia asidi.

Asubuhi hiyo hiyo, baada ya kama saa moja, nilikuwa ofisini naandika namba za mafungu ya madini. Nilinyanyua mkono kujikuna shavu. Mkono ulinukia Tereza.

Ni tone moja lililokuwa limepita kwenye kidole changu nilipokuwa namwaga. Siki ilikuwa imeondoka, rangi ya kucha imeondoka, na kilichobaki ni yeye mzima: asali isiyo tamu sana, unga wa uso, na kitu cha joto kama kuni zilizochomwa jana yake. Nilikaa nimeshika uso wangu. Mwenzangu aliniuliza kama naumwa jino. Nikasema ndiyo. Sikuosha mkono ule siku mbili, nikawa nakula kwa kijiko cha mkono wa kushoto, lakini siku ya tatu ilikuwa imekwisha.

Unaona ujinga wangu ulipo? Kazi yangu yote ilikuwa kuchukua sampuli. Vijana wachimbaji walipoleta magunia yao kwa wanunuzi, mnunuzi akiweka mashine juu ya gunia tu na kusoma namba, walikuwa wanapiga kelele: "Patron, unapima vumbi, haupime madini! Ingiza mukono chini!" Nilikuwa naunga mkono kelele hizo. Nilikuwa nawaeleza wanafunzi wangu wa mazoezi kwamba juu ya gunia hakusemi ukweli wa gunia. Halafu siku iliyokuwa na maana kuliko zote nilichota juu, nikaandika hukumu, nikamwaga gunia lote.

Kosa hilo ningeweza kukuambia, na ungenisamehe kwa kilio cha siku moja. La pili ndilo baya.

Siku ya kuondoa matanga, ndugu wa mama yako walikuja kuchukua vitu vyake, kama desturi inavyotaka. Aliyewaongoza ni mama yako mdogo Anjeli, aliyetoka Kasaji. Walifunga maputa yake, yaani vitenge, viatu, na ile mashine ya kushona. Wewe ulitoka shule ukakuta kabati wazi. Ulinishika suruali.

"Tata, chupa ya mama iko wapi?"

Nilikuwa na wiki nzima ya kujiandaa na sikujiandaa. Nilikuangalia uso wako, na midomo yangu ikasema, "Bitu bya mama banabeba."

Maneno manne. Ukipenda, unaweza kusema hayakuwa uongo, maana vitu walibeba kweli. Lakini nilijua utakavyoyasikia. Ulikimbia barabarani. Gari la mizigo lilikuwa linaanza kuondoka, na wewe ukapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Mwizi! Mama mudogo, mwizi! Rudisha chupa ya mama!"

Anjeli alimsimamisha dereva. Alishuka na mzigo wake, akaufungua pale pale chini, kwenye vumbi, mbele ya majirani. Akakunjua maputa ya dada yake moja moja, akayakung'uta moja moja mbele yako.

"Unaona, mama?" akakuambia wewe. "Haiko. Angalia na hii. Haiko."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alinyanyua macho akanitazama, na nadhani alikuwa anangojea niseme neno. Niliingia ndani.

Tangu siku hiyo hakukanyaga nyumba hii. Na wewe ulikua ukimwita "ule mama wa Kasaji". Ulipomaliza sekondari na kupata diploma ya serikali alikutumia liputa zuri la bluu kwa dereva wa basi, nawe ukamrudishia dereva yule yule bila kulifungua. Nilikuwa sebuleni. Nilisikia unamwambia dereva, "Mwambie ajivalie yeye, na chupa ajipulizie." Nilijifanya nasoma gazeti. Monga, kati ya yote niliyoyafanya, gazeti lile ndilo linaloniuma zaidi. Mara ya kwanza nilikuwa mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Mara hiyo ya pili sikuwa na msiba wa kujificha nyuma yake. Nilikuwa naogopa tu kwamba utaniangalia mimi kama ulivyomwangalia dereva.

Kwa hiyo nilipoona lile beseni la Mama Vivi, udadisi ulikuwa wa kweli, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine. Nilijiambia: kama ilitengenezwa moja, zilitengenezwa elfu, na moja lazima iko mahali fulani kwenye kabati la mtu. Nikiipata nitamwekea mtoto mkononi, na hapo nitaweza kusema yote. Miaka sita nimenusa shingo za chupa nikisubiri saa moja moja. Lebo ya ile ya mama yako ilikuwa imefutika kabla sijawahi kuisoma. Sikuwa na jina la kutafuta. Nilikuwa na pua tu, na pua ya mtu wa maabara, iliyovuta asidi miaka thelathini na moja.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, Mama Vivi aliniita kutoka mbali. "Tata Professeur! Kuya uone, hii mbaya kabisa, njo yako!" Kwake, chupa inayonuka vibaya kuliko zote ndiyo yangu. Chupa haina lebo, kifuniko cha plastiki ya kahawia kina ufa, na ndani kuna manukato ya kama vidole vitatu. Nilidondosha tone kwenye kifundo cha mkono nikakaa kwenye benchi la fundi viatu aliye karibu naye. Sikunusa. Nilingoja saa nzima kwa saa ya mkono, fundi ananiuliza kama kuna mtu namsubiri. Kisha nikanyanyua mkono.

Nadhani ni yeye.

Nimeandika "nadhani" kwa makusudi. Kazini tulikuwa na kanuni moja niliyoipenda kuliko zote: fungu la madini unalotaka sana liwe tajiri, usilipime peke yako. Mkono wako utakudanganya bila wewe kujua. Unapeleka sampuli kwa mpimaji wa pili, asiyejua wewe umepata namba gani, na jibu lake ndilo linaloandikwa. Mimi nimelitaka fungu hili miaka mingi mno. Pua yangu haina haki ya kusaini peke yake.

Nilijaribu na wewe, nisamehe. Unakumbuka Jumapili ile ya mwezi uliopita, ulipoingia sebuleni kutoka misa? Nilikuwa nimeweka tone kwenye kitambaa cha kiti tangu asubuhi. Ulisimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi.

"Tata, nani alikuya hapa?"

"Hakuna mutu."

"Nasikia kama kuna mutu alikuwa hapa."

Ukazunguka chumba, ukafungua pazia, ukacheka mwenyewe, ukaenda jikoni. Mimi nilibaki nimekaa. Lakini ulikuwa na miaka tisa tu, na kitambaa si ngozi. Hiyo haitoshi kuandikwa kwenye daftari.

Mpimaji wa pili yuko Kasaji. Hukujua, kwa sababu sikukuambia: chupa ile ilitoka kwake. Ulipozaliwa, Anjeli alikuwa anafanya biashara kwenye mpaka, kule Dilolo, na aliivusha kwa ajili ya dada yake, yeye mwenyewe akiwa ameshaijaribu na kuipenda. Walijipaka wote wawili kutoka chupa moja siku ya ubatizo wako. Hakuna pua nyingine duniani inayoijua kama yake. Uliyemwita mwizi wa chupa ndiye aliyeileta.

Jana nilimpigia simu. Sikutaka wewe ubebe maneno yangu. Hayo ni mzigo wangu. Alipopokea, nilisema, "Anjeli, ni mimi, Tata Monga."

"Tata Monga? Nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa."

"Basi sema mbio, unanitetemesha."

Nilisema. Nilimwambia kila kitu, kabati, mfereji, kusuuza, yale maneno manne, gazeti. Nilikuwa nasikia kuku wake na pikipiki ikipita.

"Mu mufereji," akasema nilipomaliza. "Tata Monga, ile chupa niliificha ndani ya mufuko ya bunga ya mihogo, juu batu ba duane ku mupaka basiione. Nilitembea nayo siku mbili na bunga mu matako. Na weye ukaimwanga mu mufereji!"

Akacheka. Kicheko kilikatika katikati, nikamsikia anavuta pumzi.

"Mi nilizani mutoto ananichukia juu ya sura," akasema. "Juu sura yangu ni ya mama yake. Nikasema, tuache, asinione, asiumie. Kumbe ni malashi."

Nilisema tu, "Nisamehe." Hakusema amenisamehe, na sikumdai. Aliuliza, "Mutoto anapita Kasaji siku gani?"

Kwa hiyo anajua. Hajui kama utasimama. Nami sijui. Una haki ya kunikasirikia kwanza, na ukitaka kukaa kimya wiki nzima, au mwezi, nitaelewa, na simu yangu itakuwa wazi. Ila hasira hiyo ni yangu, iandike jina langu. Ile uliyombebesha Anjeli ilikwisha muda wake kabla haijaanza.

Kifurushi cha karatasi nyeupe ni chupa yenye kifuniko cha kahawia. Pampu yake imekufa. Nimekuwekea kibomba cha kudondoshea dawa ya macho, kipya, nilichokichemsha. Iweke ndani ya nguo, gizani, mbali na kioo cha gari. Mkiwa wawili, tone moja kwake na moja kwako, kwenye kifundo cha mkono, msisugue. Wakati wa mwanzo itanuka vibaya, mtakunja nyuso, ni kawaida. Kwenye simu sikumtajia chupa hii; usimwambie mimi nadhani ni nini. Akisema ndiyo, ibaki kwako. Akisema siyo, basi siyo. Nitakubali kama nilivyokubali majibu ya mpimaji wa pili maisha yangu yote, na Jumamosi nitarudi kwa Mama Vivi, ambaye atafurahi.

Nasikia geti. Umerudi, unaimba ile sauti ya pili ya alto ambayo mama yako alikuwa anaiimba juu kidogo ya noti. Nafunga.

Dereva ameniambia mtalala Kasaji, na wewe ulisema utaenda kwa masista. Nyumba ya mama yako mdogo iko nyuma ya kituo cha reli, ya tatu, mlango wa kijani. Leo, mkifika Kasaji, shuka pale, umsalimie, na ukae naye saa nzima kabla hamjanusa.

Tata yako